Niachieni raba zangu chini ya injini

"Kaka, chuma hakichoki." Fundi aliniambia hivyo pale Arusha, grinda mkononi, mauntini zangu mbili zilizokatika, vile vikalio vya raba vinavyoishika injini juu ya chasisi, zikiwa chini kwenye mchanga. Gari ni Land Cruiser ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita mstari mmoja. Mauntini ya kushoto ilikuwa imekatika kwa mara ya pili ndani ya msimu mmoja, na keshokutwa nilikuwa na wageni wa safari. Nikakubali. Akakata vipande vya chuma kinene, akachomelea, injini ikakaa juu ya chasisi chuma kwa chuma.

Nasema ukweli, siku ya kwanza nilifurahi. Gia ziliingia safi, na lile dundo la kuachia klachi likapotea kabisa. Kisha tukapita geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro, tukapanda, tukashuka upande wa Serengeti. Anayeijua ile barabara kabla ya geti la Naabi anajua ninachosema: migongo ya changarawe iliyopangana kama bati, kilomita baada ya kilomita. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma yangu aliniomba nisimame. Hakuwa mgonjwa, alitaka tu mwili wake upumzike na ule mtetemo. Nilimwomba radhi, na hadi leo naiona ile kama deni.

Gari nalo likaanza kulipa. Braketi ya alteneta ikapasuka kwanza. Rejeta ikaanza kuvuja kwenye maungio. Bomba la ekzosi likakatika karibu na manifoldi, tukachomelea, likakatika tena sentimita chache pembeni ya pale pale. Cha mwisho ndicho kilichonifundisha: sikio moja la hauzingi, yaani ganda, ya giaboksi, pale bolti inapopita, liliota ufa mwembamba kama unywele. Ile hauzingi ni aluminiamu. Haichomelewi na kila mtu, na bei ya nyingine ingenunua mauntini za raba za miaka mingi.

Chuma kinachoka, ndugu zangu. Kinachoka kwa kuhesabu. Injini ya silinda sita ya mipigo minne hulipua mara tatu kwa kila mzunguko. Ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 650 kwa dakika, hiyo ni milipuko zaidi ya 32 kila sekunde. Ikienda mizunguko 2,000, ni milipuko 360,000 kwa saa moja. Siku ya safari ya saa kumi inakupa zaidi ya milioni tatu na nusu. Raba ilikuwa ikimeza sehemu kubwa ya ngumi hizo. Ukiitoa, ngumi haziishi. Zinakwenda kutafuta mahali pengine, kwenye braketi, kwenye bomba, kwenye taa, kwenye mgongo wa abiria.

Na chasisi nayo ina maneno yake. Chasisi ya ngazi kama ya gari hili imetengenezwa ijinyonge kidogo pale gurudumu la mbele kulia linapopanda jiwe na la nyuma kushoto likipanda jingine. Raba huiacha injini ibaki ilivyo huku chasisi ikijipinda chini yake. Ukifunga chuma, umeigeuza injini kuwa mhimili wa chasisi. Kitakachoachia kwanza ni sikio la injini au la giaboksi, kwa sababu chuma cha kumimina na aluminiamu havipendi kupindwa.

Lakini fundi wangu hakuwa mjinga, na hapa ndipo wengi wanaotetea raba wanapoteleza. Tatizo lake lilikuwa la kweli. Watu hudhani mauntini kazi yake ni kubeba uzito tu. Ukiwa kwenye transfa ya chini, ile gia nzito ya kutokea kwenye tope, na gia ya kwanza, nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenda kwenye propela, shafti ya kuelekea magurudumu, ni karibu mara kumi ya ile iliyotoka kwenye injini, na nguvu ya namna hiyo hiyo hurudi kuisukuma injini na giaboksi upande wa pili. Kwa injini kama hii, ukiitazama kutoka kwenye usukani, upande wa kushoto huinuka na wa kulia hugandamizwa. Raba huvumilia sana kugandamizwa, ila kuvutwa inachukia. Ndiyo maana ya kushoto hukatika kwanza, hasa kwa dereva anayekanyaga mafuta na kuachia klachi ghafla akiwa amezama kwenye tope jeusi la Ndutu. Ukitoka kwa rivasi kwa nguvu, mambo hugeuka.

Sasa, jibu la injini inayoinuka si lazima liwe chuma kwa chuma. Mwaka 1971 General Motors ya Marekani iliyaita magari zaidi ya milioni sita, mengi yakiwa Chevrolet, kwa sababu mauntini zilikuwa zikikatika, injini inainuka na kuvuta kiungo cha mafuta, gari linaongeza mwendo lenyewe. Hawakufunga chuma kitupu. Waliweka waya wa chuma wa kuizuia injini isiinuke kupita kiasi. Kampuni kubwa namna ile, yenye wahandisi wa kila aina, ilimaliza jambo hilo kwa kamba.

Mimi natumia mnyororo. Umefungwa upande wa kushoto, kutoka kwenye braketi ya injini hadi kwenye chasisi, na umelegea kama sentimita moja. Barabarani haugusi chochote, raba inafanya kazi yake. Nikiwa nimekwama na injini ikitaka kuruka, unakaza kabla feni haijakutana na kava lake.

Anayejenga gari la mashindano, kama yale ya Rhino Charge kule Kenya, simwingilii. Pale una vituo 13, saa kumi, na baadaye gari linafunguliwa lote na kukaguliwa nati kwa nati. Akitaka chuma, au poliyuretheni iliyo katikati ya chuma na raba kwa ugumu, anajua anachonunua. Namsihi kitu kimoja tu: asifunge chuma kwenye giaboksi huku injini mbele imebaki kwenye raba. Hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo. Injini inacheza, mkia umeshikwa, na hauzingi katikati ndiyo inayopindwa kila unapokanyaga mafuta.

Kuhusu raba zenyewe, zangu hazikuwa zikifa kwa sababu ya mashimo. Zilikuwa zikifa kwa mafuta. Gasketi ya juu ilikuwa ikidondosha oili taratibu, na raba asilia ikinywa oili huvimba, hulainika kama ubani, kisha huachana na sahani ya chuma. Nilibadilisha mauntini mara mbili bila kuziba chanzo. Hilo ni kosa langu, na fundi hakuliona pia. Halafu zipo raba za bei ya chini zinazofanana na halisi hadi kwenye boksi. Bonyeza kwa kucha, nusa, angalia kama raba imeshikana na chuma pembe zote. Vipande vya tairi kuukuu vilivyokatwa kwa kisu vitakufikisha Mto wa Mbu. Kuishi navyo sitaki.

Kabla ya kila safari sasa nafungua boneti, navuta hendibreki, naingiza gia ya kwanza, na kijana wangu anasimama pembeni kuangalia, si mbele ya gari, huku nikiachia klachi kidogo kidogo. Kisha rivasi. Injini ikiinuka hadi mnyororo ukakaza kwa mguso mdogo namna hiyo, hatuondoki siku hiyo hadi mauntini zibadilishwe.