Kabati namba 89: Maigret na hoteli yenye pande mbili

Alfajiri, giza bado nene, Prosper Donge anatoka nyumbani kwake Saint-Cloud na kupanda baiskeli kwenda kazini. Yeye ni mpika kahawa wa hoteli kubwa ya Champs-Élysées, mjini Paris. Njiani tairi linapasuka, naye anafika kazini amechelewa kwa dakika chache. Muda si mrefu anafungua kabati namba 89 katika chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo, kule chini ya ardhi, na ndani mna maiti. Ni mwanamke aliyenyongwa, mke wa tajiri wa Kimarekani, mgeni wa vyumba vya juu. Dakika zile za tairi ndizo zitakazomponza Donge.

Hivyo ndivyo inavyoanza riwaya *Les Caves du Majestic* (yaani vyumba vya chini vya hoteli Majestic) ya Georges Simenon, Mbelgiji aliyeandika kwa Kifaransa. Aliimaliza mwishoni mwa 1939, ikachapishwa 1942, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Wengi huihesabu kati ya riwaya bora za Maigret, mpelelezi wa polisi ya Paris aliyebuniwa na Simenon. Wengine husema haistahili hata kuitwa riwaya ya upelelezi, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Wanasema msomaji hatendewi haki. Sisi tuliolelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake tulizoea kupewa dalili moja moja, tuzipange wenyewe, tushindane na mpelelezi mpaka ukurasa wa mwisho. Simenon hashindani na mtu. Habari za barua za vitisho, zilizoandikwa kwa jina la mtu ambaye hakuziandika, zinatufikia hadithi ikiwa imeshakwenda mbali. Maigret mwenyewe huzurura, hunywa, hukaa kimya, kisha anajua. Anayetaka fumbo la kufumbua kwa akili zake ataifunga riwaya hii akiona amepunjwa, na sina la kumlaumu.

Ila nadhani anatafuta dalili mahali zisipokuwapo. Dalili kubwa imewekwa mbele yetu tangu mwanzo, nayo ni hoteli yenyewe. Simenon anatuteremsha chini na kutuweka huko muda mrefu: vyumba vimetengwa kwa vioo, kila mtu anamwona mwenzake akifanya kazi, mpishi huku, wapokea oda kule, mtu wa hesabu ndani ya kibanda chake. Kahawa, chai na chokoleti vinapanda juu kwa wageni ambao Donge hawaoni kamwe. Wafanyakazi wote wanaonekana, na hakuna anayetazamwa. Katika mahali pa namna hiyo mtu anaweza kuua na kurudi kwenye kiti chake, na anayekamatwa ni mnyonge aliyefika amechelewa.

Ndiyo maana ninampa uzito hakimu wa uchunguzi kuliko wasomaji wengi wanavyompa. Yeye si mtu mwovu. Ana karatasi mkononi, ana fedha zilizowekwa benki kwa jina la Donge, na ana sababu ambayo ingemfanya Donge aue. Kwa karatasi hizo hata mimi ningemfunga Donge. Maigret anakataa kwa sababu ameteremka chini, ameyaona makabati, amemfuata mtu huyu hadi nyumbani kwake. Anajua Donge ni mtu wa namna gani kabla ya kujua ni nani aliyeua. Mtu anaweza kusema huo si ushahidi, na mahakamani ni kweli usingepita. Lakini bila huo asingekwenda Cannes, mji wa pwani ya kusini mwa Ufaransa, kuuliza habari za miaka ya nyuma, na bila safari ile Donge angekatwa kichwa, maana hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu ya Ufaransa wakati ule.

Cannes ndiko lilikozikwa jambo zima, na ambaye hajaisoma anisamehe kwa kugusa siri moja. Marehemu zamani aliitwa Mimi, akifanya kazi katika vilabu vya usiku. Donge alimpenda. Mimi akapata mimba, akaolewa na Mmarekani, akamwambia mtoto ni wake. Donge ana nywele nyekundu na uso wenye makovu ya ndui. Mtoto wa yule tajiri, anayelelewa kwenye vyumba vya juu kwa zulia na yaya, naye ana nywele nyekundu. Baba anapika kahawa chini ya miguu ya mwanawe. Picha hiyo moja kwangu inazidi mafumbo kumi.

Lakini ipo lawama ambayo sijapata jibu lake, na kila nikirudia kitabu hiki inanikaa zaidi. Huruma ya Simenon ni ya Donge, ya Charlotte anayeishi naye, ya watu wa chini wote. Huyo Mimi naye alitoka huko huko chini. Alikuwa msichana asiye na kitu aliyeona mlango ukifunguka akaingia, na kwa hilo riwaya inamchora kama mtu mwenye tamaa na baridi ya moyo. Anakufa kabla hatujamsikia akisema neno. Sauti yake pekee ni barua aliyomwandikia shoga yake Gigi, ya furaha na majigambo ya msichana aliyefanikiwa, nayo inasomwa na polisi, miaka baadaye, kuwa ushahidi dhidi yake.