Kabla ya Kuilaumu Programu, Washa Alama Zilizofichwa

Kila anayesanifu kurasa za vitabu au magazeti anaijua hali hii: maandishi yaliyokuwa yametulia jana leo yamesambaratika, mstari mmoja umekaa mbali na wenzake, na aya ya mwisho ya sura haionekani kabisa. Lawama ya kwanza huiangukia programu. Mtu atasema InDesign, programu ya kusanifu kurasa, imeharibika, ataizima na kuiwasha, na mwishowe atayarekebisha maandishi kwa mkono, mstari kwa mstari, hadi saa ya kupeleka kazi kiwandani. Mimi nashikilia kwamba, isipokuwa mara chache, programu haina kosa. Inatii amri iliyoachwa ndani ya maandishi na mtu ambaye hakujua kwamba ametoa amri, na kazi ya kutafuta tatizo ni kuisoma amri hiyo kabla ya kugusa chochote.

Ndiyo maana ningependa kila msanifu aanze kwa kubonyeza Ctrl, Alt na herufi I kwa pamoja. Katika InDesign vibonye hivyo huonyesha alama zisizochapishwa: nukta kwa kila nafasi, alama mwishoni mwa kila aya, na alama nyingine tofauti pale mstari ulipokatwa kwa Shift na Enter. Hii ya mwisho ndiyo chanzo cha yale mashimo meupe yanayotokea kati ya maneno manne au matano yaliyotandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Mwandishi aliukata mstari katika Word ili upendeze kwenye kioo chake. Safu inaposawazishwa pande zote mbili, programu huuona mstari ule kuwa si wa mwisho wa aya, kwa hiyo huuvuta hadi uguse ukingo. Ukiiondoa alama ile, shimo linaziba lenyewe. Nafasi tano za kusogeza mwanzo wa aya na Enter mbili za kutenganisha aya zinatoka katika desturi hiyo hiyo, na zote zifutwe kwa amri ya kutafuta na kubadilisha, kisha umbali unaotakiwa uandikwe katika mtindo wa aya, yaani mpangilio wenye jina ambao aya nyingi huufuata, mahali pamoja, kwa kitabu kizima.

Kuhusu mitindo, alama ndogo ya kujumlisha inayotokea kando ya jina la mtindo ni taarifa muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Maana yake ni kwamba aya ile imebadilishwa kwa mkono na haifuati tena mtindo wake kikamilifu, na hapo ndipo msanifu anapobadilisha ukubwa wa herufi kwa kitabu kizima halafu akashangaa kuona kurasa chache zimegoma. Ukibonyeza jina la mtindo huku umeshika Alt, mabadiliko ya mkono yanaondoka. Lakini nahimiza tahadhari, kwa sababu herufi za mlazo ambazo mwandishi aliziweka kwa makusudi, katika majina ya vitabu kwa mfano, zitaondoka pamoja nayo. Kwanza zitafute zote na kuzipa mtindo wa herufi, ndipo usafishe.

Mstari unaokaa mbali na wenzake una sababu inayowachanganya hata wazoefu. Katika InDesign umbali kati ya mistari ni sifa ya herufi, si ya aya nzima, na herufi yenye umbali mkubwa kuliko zote katika mstari ndiyo inayoamua. Nafasi moja tupu iliyonakiliwa kutoka kwenye kichwa cha habari inatosha kuusukuma mstari mzima, na jicho haliwezi kuiona kwa sababu haina wino. Ikiwa umbali haubadiliki hata ukiandika tarakimu gani, basi angalia kama aya imefungwa kwenye gridi ya mistari ya msingi, yaani mistari isiyochapishwa ambayo maandishi hukalia, kwa maana gridi hiyo huishinda tarakimu yako.

Maandishi yanayopotea kwa kawaida yamefurika tu, na fremu, yaani kisanduku kinachobeba maandishi, hulisema hilo kwa alama nyekundu ya kujumlisha karibu na kona yake ya chini. Pengine fremu ni ndogo. Ikiwa ni kubwa na bado maandishi hayaingii, nashuku vitu vitatu: amri ya kuzuia maneno yasikatwe, ambayo mtu aliikusudia kwa jina la mtu mmoja ikaenea aya nzima, amri ya kuifunga aya na inayofuata, iliyopewa aya zote badala ya vichwa pekee, au picha iliyo kwenye tabaka lililofichwa, ambayo bado inayasukuma maandishi ingawa haionekani. Baada ya hayo yote kushindikana, na si kabla, ndipo inafaa kulishuku faili lenyewe, kulihifadhi katika IDML, umbizo la kubadilishana la InDesign, na kulifungua upya, jambo ambalo mara nyingi huondoa uchafu uliojikusanya ndani yake.

Hata hivyo, kwa sisi tunaosanifu Kiswahili kuna tatizo moja linalozidi haya yote, na linanisikitisha kwa sababu limezoeleka hadi halionekani tena kuwa tatizo. Ni lugha ya maandishi. Nakala nyingi za programu hizi huja zikiwa zimewekewa Kiingereza, na muswada wa Kiswahili huingizwa hivyo hivyo, ukakatwa mwishoni mwa mistari kwa kanuni za Kiingereza. Kanuni hizo hupenda kutenganisha konsonanti mbili zinazofuatana, ndiyo maana unaweza kukuta nyum-ba na kitan-da katika kitabu cha mtoto ambaye darasani anafundishwa nyu-mba na ki-ta-nda. Kitabu cha kujifunzia kusoma kisichokubaliana na mwalimu kinamwumiza msomaji, na hakuna sababu ya kukiacha hivyo.

Wasanifu wengine hukwepa kwa kuzima kabisa ukataji wa maneno. Siafiki, angalau si katika safu nyembamba. Kiswahili hubeba nafsi, wakati, mtendwa na kitendo ndani ya neno moja, na neno kama yaliyokwishachapishwa likikataa kukatwa huacha nyuma yake mstari wenye maneno mawili na pengo. Programu hujaribu kadiri inavyoweza. Huitazama aya yote kwa pamoja kabla ya kuamua mistari ikatwe wapi, mbinu yenye mizizi katika utafiti ambao wanasayansi wa kompyuta Donald Knuth na Michael Plass waliuchapisha mwaka 1981, na kwa kawaida huruhusiwa kubana nafasi kati ya maneno hadi asilimia 80 na kuitanua hadi 133. Isipopata mahali pa kukata, inalazimika kuvuka mipaka hiyo. Katika mapendeleo ya programu kuna chaguo la kuupaka manjano kila mstari uliovuka. Liwashe kwenye safu ya Kiswahili isiyokatwa maneno, na utaona ukurasa ulivyojaa rangi hiyo.

Dawa ipo, na inatokana na umbo la lugha yenyewe. Kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, amri moja ya utafutaji wa ruwaza, yaani wa mpangilio wa herufi badala ya neno maalumu, inaweza kutafuta kila irabu inayofuatwa na konsonanti moja au zaidi na irabu nyingine, kisha ikaweka baada ya irabu ile ya kwanza kistari cha hiari, yaani kile kisichoonekana hadi neno lifike mwisho wa mstari. Neno lenye kistari hicho haliwezi kukatwa mahali pengine popote, hivyo kanuni za Kiingereza zinanyamaza. Iandikwe kwa namna ya kutaka angalau herufi mbili kabla ya mkato, ili mstari usiishie na a pekee yake, na itekelezwe baada ya mhariri kumaliza kazi, kwa sababu vistari hivyo hukaa ndani ya maandishi na vitawasumbua watakaoyanakili. Kabla yake, sawazisha ritifaa, yaani ile alama ya juu katika ng'ombe na ng'ambo. Miswada inayokusanywa kutoka simu na kompyuta mbalimbali huleta alama iliyonyooka, iliyopinda kulia na iliyopinda kushoto katika sura moja, na faharasa inaweza kuorodhesha neno moja mara mbili kwa sababu hiyo.

Ruwaza haitamaliza kazi yote. Itakata da-ktari badala ya dak-tari, na itayakosea majina ya watu na maneno mengi ya kukopa yenye silabi funge, yaani zinazoishia kwa konsonanti. Hayo yanahitaji kuingizwa katika kamusi ya mtumiaji, ambamo alama ya wimbi (~) huonyesha mahali panapofaa kukatwa, na neno linalotanguliwa na alama hiyo halikatwi kamwe. Kamusi hiyo inaweza kutolewa kama faili la maandishi ya kawaida na kuingizwa katika kompyuta nyingine. Kwa hali ilivyo, kila msanifu hujaza yake peke yake na huipoteza anapobadilisha kompyuta, ilhali LibreOffice, programu huria ya kuandikia, imekuwa na kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili kwa sababu watu walikubali kuweka kazi yao hadharani. Nawaomba wasanifu wa mashirika ya uchapishaji ya Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar watoe orodha zao ziunganishwe kuwa moja, wakianza na maneno ya vitabu vya shule za msingi.