Dubu Kaenda kwenye Grupu, Muuaji Kaenda kwa Babu

Kabla hamjaamini maneno ya yule rafiki yangu, ambaye tangu juzi anatembeza habari kwamba nilimtumia Mwalimu sauti ya mahaba saa tatu usiku, naomba na mimi nisikilizwe. Sauti nilituma, sikatai. Saa ni hiyo hiyo. Maneno "mpenzi wangu" yamo, tena mara mbili. Ila mahaba hayamo. Mle ndani mna dubu.

Grupu yetu ya vitabu mnaijua. Watu 19, kila Jumanne wenye zamu wanaeleza walichosoma, kwa sauti na si kwa maandishi, maana Mwalimu anadai maandishi watu wananakili intaneti. Zamu zangu mbili zilizopita nilikohoa tu nikasingizia mafua. Wenzangu wanamchambua Sherlock Holmes hadi unyoya wa mwisho, mimi nipo nipo. Na si kwamba sisomi! Nasoma kila usiku, tatizo ninavyosoma vina picha. Mtoto wa kaka yangu ana miaka sita, halali bila hadithi ya shangazi, na kwa kuwa naishi mbali nao, namrekodia, natuma kwa wifi. Yule kiwavi wa Eric Carle wa mwaka 1969, anayetoboa kurasa kwa kula, namjua kwa ratiba: Jumatatu tofaa moja, Jumanne pea mbili, na Jumamosi ndiyo siku anayovimbiwa. Sasa kamwambie Mwalimu hivyo uone.

Mwezi huu nikajitutumua. Kitabu cha grupu kilikuwa *The Murder of Roger Ackroyd* cha Agatha Christie, cha mwaka 1926, na nilikisoma chote kwa wiki tatu. (Kwa wanaouliza kwenye kisanduku: ndiyo, chote. Msinitukane.) Nilipofika mwisho nilirudi ukurasa wa kwanza kwa hasira, nikakuta kila kitu kilikuwa kimewekwa mezani mchana kweupe na sikukiona. Nikampigia baba yangu, ambaye siku hizi sote tunamwita Babu kwa ajili ya huyo mtoto, nikamwambia hiki huwezi kukikosa, nikampelekea nakala yangu mwenyewe. Babu alianza na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla tangu ujanani, na riwaya ya upelelezi anaisoma na penseli. Watuhumiwa anawaandika pembeni mwa ukurasa, anawakata mmoja mmoja. Hiyo penseli ishikeni, tutaihitaji.

Basi Jumanne nilikuwa na sauti mbili za kurekodi.

Ya mtoto ilikuwa dubu wa Jon Klassen, kitabu cha 2011. Dubu kapoteza kofia, anazunguka kumuuliza kila mnyama kama ameiona. Anamfikia sungura. Sungura kavaa kofia nyekundu, iko kichwani pale, imesimama, na anajibu maneno mengi kuliko aliyoulizwa: hajaona kofia yoyote, yeye aibe kofia kweli, kwa nini anaulizwa yeye, na asiulizwe maswali mengine. Dubu anamshukuru, anaenda zake! Mtoto wa miaka sita anampigia dubu kelele mpaka sauti inamkauka. Na mimi, mtu mzima, Ackroyd nzima nilikuwa huyo dubu.

Nikaisoma na sauti zote. Chura, kasa, nyoka wa "ssss". Halafu kuna pale dubu anapokumbuka ghafla kofia yake ilifananaje, ukurasa mzima unageuka mwekundu, na hapo mimi huwa nanguruma. Sizungumzii kunguruma kwa kistaarabu. Nanguruma mpaka jirani anazima redio asikilize.

Ya pili ilikuwa ya grupu. Nikanywa maji, nikashusha sauti, "Habari za jioni, wapenzi wa fasihi," dakika 9 za uchambuzi kutoka kwenye karatasi. Muuaji nikamtaja kwa jina, nikaeleza alivyofanya na alipojificha, kwa sababu wote tulikuwa tumemaliza. Hapa simtaji. Nina kesi ya kutosha.

Sasa oneni ujinga ulivyotokea. Nilikuwa nimekariri kwamba kwenye simu yangu wifi yuko juu, grupu ni ya pili. Majina sikuyasoma, nilikariri nafasi. Kidole kikiwa njiani kwenda kwa wifi na dubu, mtu mmoja akaandika "Jioni njema wote" kwenye grupu. Grupu ikaruka juu, wifi akashuka. Nikabonyeza wa juu, nikatuma. Nikarudi, nikarekodi ya pili, nikabonyeza wa pili, nikatuma. Nikaweka simu mezani, nikajiegemeza kungoja sifa.

Sifa hazikuja. Nikachungulia grupu, "Mwalimu anarekodi sauti". Ikapotea. "Mwalimu anarekodi sauti". Ikapotea tena. Nikasema moyoni, leo nimemgusa mzee, anatafuta maneno.

Rafiki yangu akanitumia pembeni neno moja: "Kumbe sungura?"

Nikadhani ni fumbo. Wallahi nilidhani mtu kaniletea fumbo la kifasihi. Nikaanza kupekua kichwani, kwenye Ackroyd sungura alitajwa sura ya ngapi?

Ndipo nikaangalia ule ujumbe wangu kwenye grupu. Dakika 4 na sekunde 12.

Nikautazama. Uchambuzi wangu ulikuwa dakika 9. Nikautazama tena. Upelelezi wangu wa kwanza kufanikiwa maishani, na mtuhumiwa ni mimi. Nikaubonyeza kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa pasi kuona kama ni ya moto, na sauti yangu mwenyewe ikatoka, laini, "Haya mpenzi wangu, umejifunika?"

Jamani. Damu ilishuka yote miguuni. Nikafungua orodha ya waliosikiliza: watu sita. Nikapepesa macho: tisa. Nikasema futa, futa haraka, dubu bado hajanguruma kwa hao wengine. Nikashikilia ujumbe, vidole vinateleza kwa jasho, simu ikanipa njia mbili, futa kwa kila mtu au futa kwangu. Mnajua nilichobonyeza. Ujumbe ukatoweka kwenye simu yangu, kwa usafi kabisa, na ukabaki kwenye simu za watu 18. Pale chini pakatokea "Tendua" kwa sekunde chache, nikaisoma kama mtu anayesoma kibao cha njia akiwa ameshapita kona. Ikapotea.

Kwa hiyo nikawa mtu pekee kwenye grupu nzima asiyeweza kunisikia. Nikabaki na kumbukumbu, na kumbukumbu haikunihurumia, kwa sababu nilikuwa nakijua kinachokuja mwishoni. Baada ya nyoka. Baada ya mngurumo. Baada ya dubu kupata kofia yake na sungura kutoonekana tena. Huwa namfungia mtoto hadithi kwa maneno yale yale kila usiku, na Jumanne nilikuwa nimeongeza:

"Haya, mpenzi wangu. Umekojoa? Kama hujakojoa amka sasa hivi, usije ukalilowesha godoro kama juzi."

"Mwalimu anarekodi sauti". Safari hii haikupotea. Ilikuja ya sekunde 6. Niliisikiliza nikiwa nimefunika uso na mto, na ile sauti yake ya kusahihisha insha: "Nimesikiliza mpaka mwisho. Nimekojoa. Anayefuata nani?"

Grupu iliyokuwa kimya kama msiba ikalipuka. Mmoja kaandika aya nne kuthibitisha kwamba dubu ni mpelelezi bora kuliko Poirot, yule mpelelezi wa kwenye Ackroyd, kwa kuwa kesi yake kaifunga bila kukusanya watu sebuleni. Mimi nikaandika "Samahani, ilikuwa ya mtoto," na hakuna aliyejibu isipokuwa rafiki yangu, aliyeweka kibandiko cha sungura.

Hapo ndipo nikakumbuka zile dakika 9 zimekwenda wapi.

Kwa wifi tayari zilikuwa zimechezwa, kwa mtoto, kitandani. Alivumilia, maskini, akijua dubu atatokea. Kwenye dakika ya saba akashuka, akaenda sebuleni kuuliza neno "muuaji" lina maana gani, na kama ndiyo kazi anayofanya fulani. Fulani akamtaja vizuri, kwa jina lake lote. Babu alikuwa kakaa hapo hapo sebuleni, sura ya 23 kati ya 27, Poirot kashakusanya watu. Wifi anasema Babu aliiweka penseli juu ya meza taratibu, akakifunga kitabu, akasema, "Mwambie shangazi yako asante."

Leo siku ya tatu hapokei simu zangu. Kitabu nimerudishiwa kupitia kaka. Nimefungua kwenye zile orodha za pembeni, na jina la muuaji Babu hata hakuwa ameliandika.

Desemba ya mwaka ule ule wa 1926 Agatha Christie alitoweka nyumbani kwake siku 11, polisi wakamtafuta nchi nzima, akaja kupatikana hotelini Harrogate. Nililiweka na hilo kwenye uchambuzi wangu. Siku hizo hizo naziomba na mimi, na hoteli nitajilipia.

Aliyenipigia ni mtoto peke yake, jana, kwa simu ya wifi. Hadithi ya dubu hatimaye kaipata. Rafiki yangu ndiye aliyemtumia, yeye akiwa bado nayo. Anataka kujua sungura alienda wapi.

Nikamjibu sijamwona sungura yeyote, mimi nile sungura kweli, kwa nini ananiuliza mimi, na asiniulize maswali mengine.