Anayeuliza kilo zimekwenda wapi si mchochezi

Minada ya korosho inapoanza Oktoba, kuanzia Tandahimba na Newala mpaka Liwale, kusini mwa Tanzania, mazungumzo ya vijiweni huwa yaleyale: bei imepangwa, kilo zimepigwa, bodi ya chama na mnunuzi wanakula sahani moja. Majibu ya viongozi nayo hayabadiliki: wakulima wamepotoshwa, kuna wachochezi. Wanaotaka soko huria lirudi huzibeba tuhuma hizo kama ushahidi kwamba ushirika umeshindikana kusini. Wanaoutetea ushirika huziona kama uadui. Ni wachache wanaokaa na mkulima kwenye hesabu yake mpaka mwisho, na hesabu hiyo inastahili heshima kuliko inavyopewa.

Tuanze na kilo, kwa kuwa huko ndiko tuhuma nyingi huzaliwa. Chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima kijijini, kimepima kilo 1,000. Zikifika ghala kuu na kupandishwa tena mzanini, zinasoma 978. Jibu la haraka ni kwamba karani kazila. Lakini korosho ghafi ina maji. Ikipokelewa na unyevu wa asilimia 10, kilo 1,000 ni kilo 900 za korosho kavu na 100 za maji. Ikikaukia njiani na ghalani mpaka asilimia 8, zile 900 hazijaguswa, ila sasa ni asilimia 92 ya mzigo wote. Gawa 900 kwa 0.92, unapata 978. Kilo 22 zimeondoka na hakuna aliyeziiba. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, iliyotangazwa mwaka 2018, ni zaidi ya shilingi 71,000 katika tani moja.

Hapo ndipo watetezi wa viongozi hufunga daftari: ni unyaufu, mmeelewa? Wangeendelea kidogo, wangekuta hesabu ileile inawageukia. Lori la tani 10 lililopakiwa korosho za unyevu wa asilimia 10 likifika zimekauka hadi 8, hupungukiwa kilo 217, yaani magunia mawili na nusu na kidogo, kwa gunia la kilo 80. Sasa chukua lori lililopungukiwa magunia saba, kilo 560. Ili maji peke yake yalete upungufu huo, mzigo lazima uwe ulipokelewa na unyevu unaozidi asilimia 13. Kipimo cha kupokelea kinaishia 10. Basi ama karani alipokea korosho mbichi akijua, ama magunia yalishushwa njiani. Kosa lolote kati ya hayo mawili lina mtu aliyekuwa zamu siku hiyo. Mkulima aliyesema "wamepiga" hakuwa na kipima unyevu wala kikokotoo, lakini alikuwa karibu na ukweli kuliko kiongozi aliyemjibu kwa neno moja.

Bado kuna gunia lenyewe. Gunia la juti lina uzito wa karibu kilo moja. Karani akikata kilo mbili kila gunia "kwa ajili ya gunia", magunia 100 yamempa kilo 100 za ziada ambazo hazimo kwenye kitabu chochote. Baadaye anaweza kuzitumia kufunika pengo la unyaufu, au kuziandika kwa jina la jamaa yake. Kitabu kitalingana vizuri kabisa na mkaguzi ataondoka ameridhika. Ndiyo maana kulingana kwa vitabu hakutoshi kuwa jibu kwa mtu aliyesimama pale mzanini na kuona.

Upande wa bei, naona shuku ya mkulima inakosea zaidi, ingawa si kote. Wanaosema bei hupangwa huonyesha kwamba zabuni za kampuni tofauti hupishana shilingi chache. Hilo halithibitishi njama. Kila mnunuzi anaanza na bei ya kiini huko Vietnam au India, anatoa gharama ya kubangua, nauli ya meli, ushuru wa kusafirisha nje ambao ni asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, kinachozidi ndicho kinachotozwa, kisha usafiri na gharama za ghala. Watu wawili wenye takwimu hizohizo watafika pamoja bila kupigiana simu.

Penye kutilia shaka ni pengine, nako kunapimika. Chukua kilo moja iliyochanganywa kutoka magunia mbalimbali, kata korosho zote, pima kiini safi, kiini chenye madoa kihesabu kwa nusu ya uzito wake, vilivyooza na vitupu weka kando. Ukipata gramu 300, zidisha kwa 80, kilo za gunia, gawa kwa 453.6, gramu za ratili moja: ni ratili 52.9 za kiini kwa gunia. Ukipata gramu 265, ni ratili 46.7. Ghala la kwanza lina kiini cha kuuza zaidi kwa asilimia 13. Maghala hayo mawili yakiuzwa siku moja kwa bei moja, kuna mtu amepewa asilimia 13 bure. Ikitokea kila wiki, na ghala lenye korosho nzuri likawa linachukuliwa na mnunuzi yuleyule, hapo mkulima ana haki ya kupaza sauti, na mwenye wajibu wa kutoa maelezo ni aliyeandaa mnada. Tangu msimu wa 2024/25 minada inafanyika kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na bei zinaonekana. Ni hatua kubwa, lakini skrini haikati korosho. Ikiingizwa sampuli ya uongo, itatoa bei ya uongo kwa uwazi kamili.

Upande wa pili, wa wanaoogopa uchochezi, nao una hoja nzito. Aprili 2013 malipo ya pili ya korosho yalipotoka madogo kuliko wakulima walivyotarajia, Liwale nyumba za viongozi wa ushirika na za wanasiasa zilichomwa. Mwezi uliofuata, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa, Mtwara mjini iliwaka kwa ajili ya bomba la gesi, jeshi likaingia mitaani na watu wakafa. Katika mambo yote mawili kulikuwa na dai la haki na uvumi uliovaa nguo za dai hilo. Kwamba gesi ya Mnazi Bay ingekwenda Dar es Salaam kwa bomba na viwanda vya umeme vingejengwa huko lilikuwa kweli, na lilitangazwa. Kwamba yote ilikuwa mipango ya siri ya kuipeleka Bagamoyo kwa sababu ya asili ya mtu mmoja, rais wa wakati huo Jakaya Kikwete, hilo liliongezwa na vijiwe. Aliyechomewa nyumba hakupata nafasi ya kuulizwa ni sehemu ipi iliyokuwa yake.

Jambo ambalo haliniachii ni hili: maamuzi yaliyoumiza zaidi zao hili hayakufanyika gizani hata mara moja. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vya ushirika hadharani, mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali. Kabla ya hapo, operesheni ya vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao. Korosho zilizofikia kama tani 145,000 msimu wa 1973/74 ziliporomoka hadi kama 17,000 msimu wa 1986/87. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mkopo vikakosa cha kubangua, na baada ya kubinafsishwa vingi vikageuzwa maghala. Mwaka 2018 Bunge, mchana kweupe, lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoondoa mgawo wa asilimia 65 ya ushuru wa korosho uliokuwa ukirudi kuendeleza zao, wabunge wa kusini wakipinga. Fedha ya mgawo huo ndiyo iliyosaidia kuleta salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Anayetafuta genge la siri atapita mbele ya sheria hiyo bila kuisoma.

Hata serikali iliwahi kushika shuku ya mkulima. Oktoba 2018 wakulima waligomea bei za mnada, kwani msimu uliotangulia baadhi ya minada ilikuwa imevuka shilingi 4,000. Tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wengi walishangilia, na ninaelewa kwa nini: kwa mara ya kwanza mtu mwenye nguvu aliamini kwamba mkulima anaonewa. Lakini bei ya kiini duniani ilikuwa imeshuka kweli. Uhakiki ukaanza, wenye zaidi ya kilo 1,500 wakatakiwa kuonyesha mashamba, malipo yakaburuzwa mpaka 2019, na kampuni ya Kenya iliyosaini Januari kununua tani 100,000 haikununua. Njama ilitajwa, mnunuzi akafukuzwa, na mzigo ukabaki ghalani ukikauka.

Je, turudi soko huria? Haki itendeke: baada ya biashara kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, uzalishaji ulipanda na kuvuka tani 100,000. Mwenye hoja hiyo hadanganyi. Anachoacha ni aliyefaidi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mazao hukusanywa ghalani na kuuzwa pamoja, uliowekewa sheria mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, uliletwa kwa sababu mkulima mmoja mwenye magunia manne hana uwezo wa kumsubirisha mnunuzi. Kangomba, mlanguzi wa korosho vijijini, analijua hilo. Anakuja Julai na Agosti, wakati mikorosho inachanua, salfa inahitajika na ada ya shule haijalipwa. Ananunua korosho iliyo bado ua, kwa bakuli lake, kwa bei yake. Oktoba anaziingiza chama cha msingi kwa majina ya watu wengine na kulipwa bei ya mnada. Ukivunja ushirika umemwondolea hata kazi hiyo ya kutafuta majina.

Hii ndiyo sababu ninausimamia ushirika kama njia mbadala ya kweli, tofauti na amri ya serikali na tofauti na bakuli. Lakini una udhaifu wake ndani ya mwili: korosho zikishachanganywa, aliyeanika siku tatu juani na aliyeleta mbichi wanalipwa bei moja. Mwaminifu anambeba mzembe, na baada ya misimu miwili anaacha kuanika. Hotuba kuhusu mshikamano haitamrudisha juani. Atarudi akiona kipima unyevu kinasomwa mbele ya wote na korosho ya asilimia 12 inarudishwa nyumbani hata kama ni ya mwenyekiti.

Kinachotakiwa hakizidi karatasi na dakika chache. Kwenye stakabadhi ya kila mkulima ziandikwe kilo, uzito wa gunia tupu uliokatwa, na unyevu. Lori likiondoka, namba hizohizo zibandikwe ubaoni pamoja na namba ya gari. Likipimwa ghala kuu, namba mpya ziwekwe pembeni yake, na tofauti ikokotolewe kwa unyevu wa pande zote mbili. Pengo ambalo maji hayalielezi lilipwe na aliyekuwa na mzigo wakati huo. Baada ya mnada, karatasi ya malipo ioneshe bei ya ghala, ratili za kiini, na kila kato kwa mstari wake: ushuru wa halmashauri ambao ni asilimia 3, chama kikuu, chama cha msingi, ghala, usafiri. Mizani iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo, na atakayesoma si mtu mmoja msimu mzima.

Limebaki swali ambalo vyama vingi hulikwepa: unyaufu halali, zile kilo 22 ambazo hakuna aliyeziiba, ubebwe na nani? Zikikatwa kwa kila mwanachama kwa kilo zake, aliyeleta kavu ananyongwa kwa maji ya mwenzake. Njia iliyo bora ni kukata kwa unyevu uliosomwa siku ya kupokea, kila mtu na maji yake, na chama kibebe kinachozidi hapo kutoka kwenye kamisheni yake. Mkutano mkuu uamue hilo Septemba, kabla ya gunia la kwanza. Baada ya mnada wa kwanza, kila pendekezo la bodi kuhusu kilo zilizopungua litasikika kama utetezi.