Mashaka ya Mwandishi Yana Saa Yake

Mwandishi akilalamika kwamba anajitilia shaka, ataambiwa neno moja tu: jiamini. Ushauri huo haujawahi kuniingia akilini. Mtu hawezi kuamua kujiamini jinsi anavyoamua kuamka mapema, na hata angeweza, sina hakika kama kazi yake ingenufaika. Nimesoma maandishi ya watu wasiojishuku hata kidogo. Sentensi ya kwanza iliyowajia ndiyo iliyobaki, na msomaji ndiye anayebebeshwa mzigo wa kuihariri kichwani mwake.

Mara nyingi shaka ni dalili kwamba mtu amesoma sana. Anayependa vitabu huanza kuandika akiwa tayari anajua maandishi mazuri yanavyosikika, kwa hiyo sikio limeutangulia mkono kwa miaka mingi. Anaandika aya, anaisoma, anasikia imepwaya. Sikio halijakosea, aya imepwaya kweli! Mambo huharibika hatua inayofuata, pale anapoacha kusema "aya hii imepwaya" na kusema "mimi si mwandishi". Hukumu ya aya imehamishiwa kwa mtu, na aya inaweza kurekebishwa jioni moja, lakini mtu utamrekebishia wapi?

Mwaka 1938 mwandishi wa Marekani John Steinbeck aliweka shajara wakati akiandika riwaya ya The Grapes of Wrath. Humo aliandika kwamba yeye si mwandishi, kwamba amekuwa akijidanganya na kuwadanganya watu. Riwaya ilitoka 1939, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Pulitzer. Kisa hiki husimuliwa ili kutufariji, kwamba hata mabingwa walitetereka. Faraja hiyo mimi hainishibishi. Kinachonivutia ni kazi iliyofanywa na shajara yenyewe. Mle alimwaga hofu zake, kero za siku na kiasi alichokusudia kuandika, kisha akageukia muswada. Shaka lilikuwa na daftari lake, riwaya ikawa na lake. Baada ya miezi mitano hivi rasimu ilikuwa imekamilika, na hofu zikiwa bado zipo. Wala mafanikio hayakuzimaliza. Mwaka 1962, alipotunukiwa tuzo ya Nobel ya fasihi, aliulizwa kama anaistahili, akajibu kwamba kusema kweli, hapana.

Hali hii haiwapati waandishi peke yao. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake waliofanikiwa katika masomo na kazi huku wakiamini kwamba siku moja wataumbuliwa. Vyeti na sifa havikuwaondolea imani hiyo. Basi anayengoja kitabu chake kichapishwe ndipo ajione mwandishi, atangoja sana.

Washairi wa tenzi walikuwa na mpangilio ninaouona wa busara. Wengi wao, wakishamtaja Mungu, huagiza wino na karatasi, waletewe waanze. Hapo hawajadili kama wanaweza au hawawezi. Unyenyekevu huja mwishoni, beti zikishatimia: ndipo mshairi anapoomba asamehewe makosa, na mwenye ujuzi ayasahihishe. Wino kwanza, radhi baadaye. Sisi tumeupindua utaratibu huo. Tunaomba radhi kabla ya neno la kwanza, tunafuta kichwa cha habari mara kadhaa, halafu tunashangaa kwa nini ukurasa bado mweupe.

Kwangu mimi, shaka likija katikati ya kuandika nalihoji kama shahidi. Linasema kazi hii ni takataka. Wapi? Mstari upi? Likiweza kuonyesha, kwa mfano kwamba aya ya tatu inarudia ya pili kwa maneno mengine, naweka alama pembeni na kuendelea, maana hilo ni jambo la kesho. Likishindwa kutaja mahali, likabaki kunung'unika tu kuhusu kipaji changu na nani atanisoma, silijibu. Ajabu ni jinsi linavyoshindwa mara nyingi. Na ile siku ya kuhariri nalikaribisha waziwazi: nasoma kwa sauti, na popote ulimi unapojikwaa shaka lina haki ya kusema chochote. (Kusoma kimoyomoyo hakutoshi. Jicho hufunika makosa ambayo ulimi hauwezi kuyaruka.)

Kuna swali watu wanaliepuka kwa adabu: je, kama mtu anajishuku kwa haki, na kweli hajui kuandika? Inawezekana. Wapo. Lakini kiasi cha shaka hakikusaidii kujua, kwa sababu anayeandika vizuri na anayeandika vibaya wanaweza kukosa usingizi sawasawa. Hukumu hiyo haipatikani kwa kujichunguza moyo. Inahitaji kazi iliyokamilika na macho ya mtu mwingine.

Hapo pia tunakosea kwa namna tunavyouliza. Ukimpa rafiki hadithi na kumuuliza kama ni nzuri, umemuomba akupende, naye atakupenda, na wewe hutamwamini. Ukimpa mtu anayeshindana nawe, utapata majeraha yasiyo na faida. Mimi humtafuta msomaji wa kawaida, asiye mwandishi, asiye na haja ya kunifurahisha sana, na sitaki maoni yake kuhusu uwezo wangu. Namwomba achore mstari mahali alipochoka, na mahali alipolazimika kurudi nyuma kusoma tena. Karatasi ikirudi na mistari minne, nina kazi ya asubuhi nzima.