Vioo vya Magharibi

Jamani, nani aliwaroga wajenzi wa Kisumu kwa vioo? Kila mjengo mpya una bango: "Makazi yanayojali mazingira." Mazingira gani, na sebule nzima ni kioo kinachotazama magharibi! Mji huu uko karibu kabisa na ikweta. Jua likishapita utosini, kuanzia saa tisa linakutazama machoni mpaka lizame ziwani. Omena utaanika juu ya kochi. Kisha mwenye nyumba anakuuzia wazo la kiyoyozi, tokeni za stima ununue wewe.

Na dawa si ngumu. Dirisha kubwa liwe upande wa kaskazini au kusini. Huko, dirisha la kimo cha mita 1.2 linakingwa na jua la adhuhuri kwa kofia ya zege juu yake, iliyotokeza nje sentimita 60 tu. Magharibi kofia hiyo ni urembo, maana jua la jioni linapenya chini yake. Pale panataka veranda pana, miti, au matofali ya matundu. Usizibe ukuta wote lakini, kwa sababu upepo wa ziwa mchana unatoka hukohuko, na lazima uachiwe tundu la kutokea upande wa pili, juu karibu na dari. Upepo hauingii chumba usichoweza kutoka.

Tuje kwa maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 likinyeshewa milimita 30, hizo ni lita 6,000. Toa hata moja ya tano inayorukia nje, zinabaki 4,800. Tangi walilofunga? Lita 1,000! Zilizobaki zinateleza juu ya kabro, yale matofali ya uani, hadi kwa jirani. Na mfereji wa paa fundi ameulaza sawasawa "upendeze", badala ya kuushusha sentimita moja kila mita. Maji yamelala humo, mbu wamehamia bila deposit.

Hita ya sola nayo: tangi wamelificha chini ya paneli lisionekane barabarani. Bila pampu, maji ya moto hupanda, hayashuki. Oga baridi, bwana.

Ukilalamikia joto, keateka anakutuma Soko la Jubilee ununue mapazia. Joto limeshavuka kioo, pazia la ndani litalifanya nini? Yeye anasisitiza: chukua meusi.