Swali la mjomba kwenye kaunta ya dawa

Mkojo ulikuwa rangi ya kahawa tungu. Mama mmoja wa hapa Amu, yaani mji wa Lamu, aliuleta ndani ya chupa ya maji aliyoizungushia kanga ili watu wa mtaa wa Langoni wasiione. Aliiweka juu ya kaunta yangu, mwanawe wa miaka 16 amesimama kando yake, macho manjano. Siku tatu kabla nilikuwa nimempa kijana huyo nitrofurantoini, dawa ya mkojo unaochoma. Cheti kiliandikwa vizuri na dozi ilihesabiwa vizuri.

Nikamuuliza mama kama kuna mtu kwao aliyewahi kupatwa na jambo kama hili.

"Kaka yangu. Alipewa dawa utotoni, tukasema kapigwa jicho."

Kijana alilazwa, akaongezewa damu, akapona. Lakini mjomba wake alikuwa na jibu langu miaka yote hiyo, na mimi sikuuliza.

Mwili wa kijana huyo una upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozikinga chembe nyekundu za damu zisiharibiwe na kemikali fulani. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo hupitia kwa mama na kuwaangukia zaidi watoto wa kiume, ndiyo maana mjomba na mpwa walifanana. Watafiti wa Marekani waligundua chanzo hiki mwaka 1956, walipokuwa wakitafuta sababu ya primakwini, dawa ya malaria, kuvunja damu ya baadhi ya watu na kuwaacha wengine salama. Hali hiyo imeenea zaidi mahali ambapo malaria imekaa karne nyingi, kwa kuwa wenye jeni hiyo iliyo na kasoro hupata kinga kiasi dhidi ya malaria. Mwambao wetu ni mmoja wa mahali hapo. Orodha ya vitu vinavyovunja damu ya watu hawa haiishii kwenye vidonge. Kuna naftalini, zile tembe nyeupe tunazoweka kabatini kufukuza nondo, na kuna hina, ambayo imewahi kuvunja damu ya watoto wachanga wenye upungufu huu. Nani hapa Amu hajawahi kuona mtoto wa miezi miwili kapakwa hina?

Basi mtu angetarajia niwe mshabiki namba moja wa famakojenomiki, elimu ya kulinganisha dawa na jeni za mgonjwa. Wanaoipigia debe wanasema mfamasia wa kesho hatafungua boksi la dawa kabla ya kutazama jeni za aliye mbele yake. Wana hoja, tena hoja nzito. Chukua kodeini. Haitulizi maumivu mpaka ini liigeuze kuwa mofini, na kasi ya kuigeuza hutegemea jeni iitwayo CYP2D6. Kuna wanaoigeuza kwa kasi kubwa mno, hata dozi ya kawaida ikawa sumu kwao. Katika utafiti wa mwaka 1996, takriban 29 kati ya kila Waethiopia 100 waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo, zinazoongeza kasi, na huko Saudia pia idadi ni kubwa. Hesabu ukoo wa watu wa Amu, wenye babu Hadhramaut kule Yemen na shangazi upande wa Usomali, uone kama jambo hilo liko mbali nasi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kodeini isitumiwe kwa watoto chini ya miaka 12.

Ila tazama Marekani walifanya nini. Hawakumpima kila mtoto. Waliizuia dawa kwa watoto wote wa umri huo.

Hapo ndipo shauku yangu inapopungua, maana mara nyingi tiba imelishinda tatizo la jeni bila kupima jeni. Izoniazidi ya kifua kikuu huwaletea ganzi ya miguu wale ambao miili yao huiondoa polepole, na katika Afrika hao ni wengi. Hatukusubiri maabara; tunawapa vitamini B6 pamoja nayo. Efavirenzi ya wenye virusi vya UKIMWI iliwapa Waafrika wengi kizunguzungu na ndoto za kutisha, kwa sababu jeni ya CYP2B6 iliwafanya wabaki nayo mwilini kupita kiasi. Wataalamu wakajadili kupunguza dozi kwa kufuata jeni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaiweka mbele dawa nyingine ya virusi hivyo, dolutegraviri, na mjadala ukazimika. Lapdap, dawa ya malaria yenye dapsoni iliyoanza kutumika mwaka 2003, iliondolewa 2008 kwa kuvunja damu ya watu kama kijana wangu.

Na kuna jambo linalonikera zaidi ya gharama: vipimo vyenyewe vimeshonwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mwingine. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya utafiti wa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, uliofanywa Marekani kwa wagonjwa 1,015. Waliopangiwa dozi kwa jeni hawakuwashinda wengine, na kwa wagonjwa weusi mambo yalikuwa mabaya zaidi: damu yao ilikaa katika kiwango kinachotakiwa asilimia 35 tu ya muda, ilhali weusi waliopangiwa dozi bila jeni walifika karibu asilimia 44. Fomula ile haikuzingatia mabadiliko ya jeni yanayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Mtu akiniletea mashine ya namna hiyo Amu, nitamwambia airudishe bara, Mokowe, kwa boti ileile.

Kwa hiyo msimamo wangu ni finyu, na najua wenzangu wengine wa taaluma wataniita mshamba. Tuanze na G6PD, tuishie hapo kwa sasa. Kipimo chake hakihitaji kusoma jeni: tone la damu la kidoleni linaonyesha kama kimeng'enya kinafanya kazi. Kina udhaifu wake. Ukimpima mtu damu yake ikiwa imetoka kuvunjika, kinaweza kukudanganya kuwa yu mzima, kwa sababu chembe zilizobaki ni changa na bado zina kimeng'enya cha kutosha. Vipimo vya ndiyo-au-hapana pia huwakosa wanawake wengi wenye kasoro hiyo kwenye kromosomu X moja tu kati ya zao mbili. Hata hivyo mfamasia anaweza kuyajua haya na kupanga nani apimwe na lini. Na kabla ya kipimo kuna swali la mjomba, ambalo halina bei.

Swali hilo nalo lina mtego. Kijana wangu ana khalati wawili, yaani dada za mama yake, wote wana watoto wa kiume, na kila khalati yumkini naye amebeba jeni ile. Mmoja wa wale wavulana, nasikia, anaposewa binti wa ami yake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za jeni miongoni mwa taarifa nyeti. Hapa Amu sheria hiyo inakutana na mji ambao mtu akinunua dawa asubuhi, jirani yake anajua alasiri. Familia ya mchumba ikisikia "ugonjwa wa damu" haitauliza ni upi.

Nilimpa mama karatasi yenye majina ya dawa ambazo mwanawe asipewe tena, nikaandika na naftalini chini. Aliisoma, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pochi. Nikamuuliza kama anaruhusu niwaambie dada zake. Akanitazama kwa muda.

"Ngoja harusi ipite, mwanangu," akasema.

Kwenye daftari langu nimeandika tarehe ya harusi, na kwenye rafu nimeitoa nitrofurantoini mbele nikaiweka nyuma.